Seli za Kununua, za Ubia au za Kujitengenezea: Mwekezaji wa Magari ya Umeme Achague Ipi?

Vikundi vya uwekezaji vya Mombasa, ambavyo kwa miaka mingi vimezoea viwanja vya Mtwapa na hatifungani za serikali, sasa vinaulizia hisa za kampuni zinazounda magari ya umeme. Swali la kwanza linalowekwa mezani karibu kila mara ni la moto: je, kampuni ambayo magari yake yameonekana yakiteketea barabarani inafaa kununuliwa? Swali hilo ni la haki, hasa katika mji ambao mawakala wake wa bandarini wanajua vyema kwamba betri za lithiamu husafirishwa baharini kama bidhaa hatari za daraja la 9. Hata hivyo, kwa mwenye hisa, swali hilo halitoshi. Anapaswa kuuliza seli zilizomo ndani ya betri, yaani vile vijisehemu vinavyohifadhi umeme, zilitengenezwa na nani, nani atalipa iwapo dosari itaonekana, na kama huyo anayetakiwa kulipa anao uwezo wa kulipa bila kufilisika.

Kwa kuwa Soko la Hisa la Nairobi halina mtengenezaji wa magari ya umeme, anayetaka hisa za aina hii hulazimika kwenda nje kupitia dalali, abadilishe shilingi zake kuwa dola au fedha nyingine, na akubali ada na kodi za huko. Kosa la uchaguzi kwa hiyo hugharimu zaidi kuliko kosa la nyumbani. Hapa chini nalinganisha mipango mitatu ambayo kampuni hizi hutumia kupata betri: kununua seli kwa mshirika mmoja wa nje, kuungana na mzalishaji mkubwa kwa mkataba au ubia, na kutengeneza seli zenyewe. Kipimo changu ni kimoja, nacho ni njia ambayo hasara hupitia siku betri inapokuwa na kasoro.

Mpango wa kwanza: mshirika mmoja wa nje

Tesla ya Marekani, inayounda magari ya umeme, na Panasonic ya Japani, inayoiuzia seli, ndio mfano unaosomeka vizuri zaidi, kwa sababu mwaka 2013 hofu mbili za wawekezaji zilikutana ndani ya majuma machache. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo, gari moja la Tesla la aina ya Model S lilikanyaga kipande cha chuma kilichoanguka barabarani katika mji wa Kent, jimbo la Washington. Chuma hicho kikatoboa sehemu ya chini ya gari na betri ikashika moto. Kesho yake hisa ya Tesla ilishuka kwa takriban asilimia 6. Gari la pili liliungua Mexico mwezi huohuo, na la tatu huko Tennessee mwanzoni mwa Novemba. Katikati ya habari hizo, tarehe 30 Oktoba, Tesla na Panasonic zilitangaza kuupanua mkataba wao: Panasonic ingeleta seli karibu bilioni 2 katika muda wa miaka minne.

Wawekezaji waligawanyika. Wapo waliosema kwamba mkataba huo ulikuwa ushahidi wa uimara, kwa kuwa kampuni kubwa ya Japani yenye jina la kulinda isingejifunga na mteja ambaye bidhaa yake ni ya hatari. Wengine walisema kinyume chake, kwamba kampuni changa iliyomtegemea mzalishaji mmoja kwa kiungo cha gharama kubwa kuliko vyote ndani ya gari imejitia kitanzi shingoni. Soko lilitoa jibu lake mapema. Tesla ilipotoa hesabu za robo ya tatu na kukiri kwamba upungufu wa seli ulikuwa unabana uzalishaji, hisa iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 14 kwa siku moja. Anguko hilo lilizidi mara mbili lile lililofuata moto wa Kent, ingawa kulikuwa na sababu nyingine za kuvunja moyo katika hesabu hizo. Kwa maneno mengine, waliokuwa na fedha zao pale waliogopa ukosefu wa seli kuliko walivyoogopa kuungua kwa seli, na nadhani walikuwa na hoja.

Kuna jambo jingine katika kisa hicho ambalo wengi hulipita haraka. Magari yale hayakuungua kwa sababu Panasonic ilitengeneza seli mbovu. Betri ziliharibiwa kutoka nje. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi Novemba 2013 na kuufunga Machi 2014, baada ya Tesla kuongeza kinga ya titani chini ya gari. Moto wa kugongwa ni tatizo la muundo wa gari, na dawa yake mara nyingi ni ya bei nafuu. Moto wa dosari ya kiwandani ni tatizo la seli, na dawa yake ni kubadilisha betri nzima kwa maelfu ya magari. Mwekezaji anayeziweka habari hizi mbili katika kapu moja atauza hisa wakati asiopaswa kuuza, na atazishikilia wakati anaopaswa kukimbia.

Panasonic ilikuwa pia na hisa ndani ya Tesla. Mwaka 2010 ilinunua hisa milioni 1.4 kwa dola 21.15 kila moja, jumla ya takriban dola milioni 30, na katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 iliziuza zote kwa takriban yeni bilioni 400, yaani dola zipatazo bilioni 3.6. Wakati huo Tesla haikuwa tena mateka wa mzalishaji mmoja, maana kiwanda chake cha Shanghai kilikuwa kikinunua pia seli za LG ya Korea Kusini na CATL ya China. Anayeitathmini Tesla leo kwa jicho la mwaka 2013 anaitathmini kampuni ambayo haipo tena.

Upande wa pili wa mpango huu ni mchungu, nao hutajwa kwa nadra. Fisker Automotive, iliyounda gari la Karma, ilichukua betri zake kwa A123 Systems ya Marekani. Machi 2012 A123 ilitangaza kwamba baadhi ya seli zilizotoka kwenye kiwanda chake cha Livonia, Michigan, zilikuwa na kasoro, na kwamba kuzibadilisha kungegharimu takriban dola milioni 55. Mbele ya kampuni kubwa kiasi hicho si cha kutisha. Mbele ya A123, iliyokuwa tayari ikipoteza fedha kila robo ya mwaka, kilikuwa cha kuangamiza, na Oktoba mwaka huohuo iliomba kinga ya mufilisi. Fisker ilikosa betri, ikasimamisha uzalishaji, na Novemba 2013 nayo ikaingia katika mufilisi. Mkataba ulikuwapo, mdaiwa alijulikana, na dosari ilikubaliwa na aliyeifanya. Kilichokosekana ni fedha tu.

Uhusiano wa Northvolt ya Sweden na wateja wake unaelekea kwenye somo hilohilo ingawa haukuhusu moto. BMW ilifuta oda ya takriban euro bilioni 2 mwaka 2024 baada ya kuchoka kungoja seli, na Machi 2025 Northvolt ilitangaza kufilisika, huku Volkswagen ikiwa miongoni mwa wenye hisa wakubwa walioumia.

Mpango wa pili: mkataba au ubia na mzalishaji mkubwa

General Motors (GM) ya Marekani na LG wanaonyesha hali ilivyo pale mshirika anapokuwa na kifua. Magari ya umeme ya GM yaitwayo Chevrolet Bolt yalianza kuungua yakiwa yameegeshwa, mengine yakiwa yanachajiwa, na kampuni ikayarejesha kwa awamu kuanzia Novemba 2020 hadi Agosti 2021, ilipoamua kuyarejesha yote, takriban 142,000. Wenye magari waliambiwa wayaegeshe nje, mbali na majengo na magari mengine, na wasichaji betri kufikia kikomo. Uchunguzi ulionyesha kasoro mbili ambazo zilipokutana ndani ya seli moja ziliweza kuleta moto: ulimi wa anodi (upande hasi wa seli) uliochanika na utando wa kutenganisha pande mbili za seli uliokunjika. Zote mbili ni kasoro za kiwandani. Hapakuwa na chuma cha barabarani cha kusingizia.

Gharama ilikadiriwa kufikia takriban dola bilioni 2. Oktoba 2021 GM ilitangaza kwamba LG imekubali kurudisha hadi dola bilioni 1.9 kati ya hizo. Mwekezaji wa GM aliyekuwa amejaa hofu mwezi Agosti aligundua mwezi Oktoba kwamba sehemu kubwa kabisa ya hasara imebebwa na mtu mwingine. Lakini asidhani hakupoteza kitu. Kiwanda cha Bolt kilisimama karibu muda wote tangu Agosti 2021 hadi Aprili 2022, na muda uliopotea, wateja waliokwenda kwa washindani na sifa iliyochafuka havionekani popote katika hesabu ya fidia ile.

Hyundai ilipitia njia hiyohiyo miezi michache kabla. Februari 2021 ilitangaza kubadilisha betri za takriban magari 82,000, mengi yakiwa ya Kona, kwa gharama ya takriban woni trilioni 1, na LG ikabeba sehemu kubwa zaidi. Kwa LG yenyewe, matukio hayo mawili yalichelewesha kuingizwa sokoni kwa kampuni yake ya betri, LG Energy Solution, ambayo hatimaye iliorodheshwa Seoul Januari 2022 katika uuzaji mkubwa kuliko wote uliowahi kufanyika Korea Kusini. Hapo pana fundisho kwa wanaopendelea kununua hisa za mzalishaji wa betri badala ya hisa za mtengenezaji wa gari: wanamnunua yule ambaye bili huishia mlangoni kwake.

Pamoja na mvutano huo, GM na LG hazikuachana. Ubia wao wa Ultium Cells, ulioasisiwa Desemba 2019, uliendelea kujenga viwanda, ingawa mwishoni mwa 2024 GM ilitangaza kuiuzia LG sehemu yake katika kiwanda cha tatu cha Lansing, Michigan. Ubia hubadilisha hesabu kwa namna ambayo mwekezaji anapaswa kuiona mapema. Seli mbovu ikitoka kwenye kiwanda ambacho GM inamiliki nusu, GM haitaweza kumgeukia LG kama mnunuzi amgeukiavyo muuzaji. Atakuwa anamdai fidia mtu ambaye kiwanda chake ni chake pia. Kwa hiyo kisa cha Bolt kisichukuliwe kuwa ahadi ya yatakayotokea safari nyingine.

Mpango wa tatu: kujitengenezea

BYD ya China ilianza mwaka 1995 huko Shenzhen ikitengeneza betri za kuchaji, na iliingia katika biashara ya magari mwaka 2003. Asili hiyo inaeleza mengi. Seli zake hutoka katika kampuni yake tanzu ya FinDreams, na nyingine huziuzia wenzake, Toyota ikiwemo. Machi 2020 ilizindua betri yake yenye seli ndefu nyembamba iitwayo Blade, inayotumia lithiamu, chuma na fosfati badala ya nikeli na kobalti, na ikaonyesha hadharani msumari ukipenya seli hiyo bila kuwaka.

Msumari ule ulikuwa tangazo la biashara, na usomwe hivyo. Hata hivyo kemia iliyo nyuma yake ni ya kweli: seli za fosfati ya chuma huhimili joto zaidi kabla ya kuanza kujiunguza, na hutoa oksijeni kidogo zaidi ya kulisha moto kuliko seli zenye nikeli nyingi. Gharama yake ni umbali, kwa maana seli za uzito uleule hubeba nishati pungufu. Tesla yenyewe ilianza kutumia seli za aina hiyo kutoka CATL katika Model 3 za Shanghai mwaka 2020, jambo linaloonyesha kwamba usalama na bei vinaweza kuvuta upande mmoja.

Faida ya mpango huu kwa mwenye hisa ni kwamba dosari hutafutwa ndani ya nyumba moja, bila mawakili wa pande mbili kubishana juu ya nani aliyekunja utando. Hasara yake ni kwamba fundi wa jahazi aliyeshona tanga mwenyewe hana wa kumdai tanga likipasuka. Hakuna LG wa kurudisha bilioni 1.9. Kila shilingi ya kubadilisha betri hutoka mfukoni mwa mwenye hisa yuleyule. Tena, kuwa na betri tulivu hakumaanishi kuwa na gari lisiloungua: Septemba 2024 BYD ilirejesha karibu magari 97,000 ya Dolphin na Yuan Plus nchini China kwa kasoro ya kifaa cha kudhibiti usukani kilichoweza kuleta moto, na betri haikuhusika.

Wasiwasi mkubwa wa wachambuzi juu ya BYD hauhusu moto. Unahusu deni lake kwa wauzaji wa vipuri, ambao kwa muda mrefu walisubiri miezi kulipwa; Juni 2025 BYD na kampuni nyingine za magari za China ziliahidi kulipa ndani ya siku 60. Wawekezaji wetu wanaochuja hisa kwa kanuni za sharia huangalia deni la riba, lakini deni la wauzaji lisilo na riba hupenya kwenye chujio hilo, kwa hiyo walitazame kwa macho yao wenyewe. Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani iliyotia takriban dola milioni 230 mwaka 2008, ilianza kupunguza hisa zake za BYD Agosti 2022. Wapo wanaolichukulia hilo kama onyo; mimi naliona kama faida iliyovunwa baada ya miaka 14, na sioni sababu ya kulitia maana zaidi ya hapo.

Ikiwekwa mipango mitatu bega kwa bega

Kwa upande wa kujulikana kwa mhusika, BYD inaongoza, GM inafuata, na anayenunua seli kwa wengi huja nyuma. Jambo hili lilionekana wazi tarehe 1 Agosti 2024, gari la Mercedes-Benz EQE lilipoungua katika maegesho ya chini ya jengo la makazi huko Incheon, Korea Kusini, na kuharibu magari mengine mengi. Wengi walishangaa kusikia kwamba seli zake zilitoka kwa Farasis ya China, jina ambalo wanunuzi wengi hawakuwa wamelisikia, na baada ya hapo serikali ya Korea ikawashinikiza watengenezaji kutaja waliowaundia seli.

Kwa upande wa fidia, GM ya mwaka 2021 haina mpinzani, Tesla ya leo iko katikati, na BYD haina wa kumgeukia. Kwa upande wa upatikanaji wa seli mambo hupinduka: BYD haimngojei mtu, wakati mwenye mshirika mmoja anaweza kusimama mwaka mzima. Upande wa siasa nao upo. Ford iliamua kujenga kiwanda chake Marshall, Michigan, kwa teknolojia iliyokodishwa kutoka CATL, ikakisimamisha kwa muda mwaka 2023 na kisha kukipunguza ukubwa. Na Januari 2025 wizara ya ulinzi ya Marekani iliitia CATL katika orodha ya kampuni inazodai zina uhusiano na jeshi la China. Mkataba mzuri wa kiufundi unaweza kuzimwa na karatasi ya Washington.

Kuna pia kile ambacho kitabu cha hesabu cha ng'ambo hakitakiambia kikundi cha Mombasa. Nissan Leaf zilizotumika, ambazo huingia kupitia bandari yetu, zina betri isiyopozwa kwa maji, na katika maeneo ya joto kali kama Arizona zilipoteza uwezo mapema hadi wamiliki wakalalamika. Joto la pwani halifiki la Arizona, lakini mtu anayetaka kuwekeza katika biashara ya magari haya hapa nchini, tofauti na hisa za Tesla au BYD, aupe mfumo wa kupoza betri uzito uleule anaoupa mkataba.

Uchaguzi

Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi, kisicho na mtu wa kufuatilia habari za kila siku, na ambacho fedha zake ni za ada za shule na za uzeeni, kiepuke kabisa kampuni changa iliyofungamana na mzalishaji mmoja mdogo wa seli, hata bei ya hisa iwe ya kuvutia namna gani. Kisa cha Fisker hakihitaji kurudiwa kwa fedha za Wamombasa.

Kati ya mipango miwili iliyobaki, ningekishauri kikundi kama hicho kianze na kampuni yenye mshirika mkubwa anayetajwa kwa jina, na kielewe kwamba anayenunua GM anainunua kwanza kampuni ya pikapu za petroli, huku magari ya umeme yakiwa sehemu ndogo ya thamani yake. Ni ulinzi na ni mapungufu kwa wakati mmoja. Anayetaka gawio ajue pia kwamba Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la mwekezaji wa Kenya, kwa kuwa nchi hizi mbili hazina mkataba wa kodi, na kwamba Tesla haitoi gawio lolote.

Mwenye uvumilivu wa miaka mingi, anayeweza kuona hisa ikipoteza theluthi ya bei bila kukosa usingizi, anaweza kuweka fungu dogo katika BYD, kwa sababu ndiyo inayomiliki seli zake na kemia iliyo tulivu zaidi. Fungu liwe dogo kwa sababu hasara ya kiwandani ikija haitagawanywa na mtu. Tesla naiweka kando katika ulinganisho huu, si kwa ubaya wa betri zake, bali kwa kuwa bei yake leo inabeba matumaini ya magari yasiyo na dereva na maroboti, mambo ambayo hayapimwi kwa mkataba wa seli.

Kabla ya kupiga kura, mweka hazina afungue taarifa ya mwaka ya kampuni na asome mahali pawili: akiba iliyotengwa kwa ajili ya dhamana ya magari, ikilinganishwa na miaka iliyotangulia, na maelezo ya utegemezi kwa wauzaji wa betri. Akiba inayopungua huku mauzo yakipanda inahitaji maelezo. Na iwapo jina la anayetengeneza seli halipatikani popote katika taarifa hiyo, ajenda hiyo iahirishwe hadi mkutano utakaofuata.